Gango Lisilovuliwa Mlangoni

Kwanza nizimieni mashine, mmoja wenu awasomee wenzake karatasi hii. Mzee akishindana na mashine kwa sauti, mzee ndiye anayekohoa.

Nimepita karakana yenu wiki iliyopita. Nimeona tanuri la kulainishia plastiki, nimeona kalibu nyeupe za miguu zimepangwa rafuni kama mikate, na nimeshika gango moja la kushikia mguu wa mtoto, jembamba, jepesi, limechorwa vipepeo. Sitawaongopea: niliona wivu. Halafu nikauliza, "Mwenye mguu huu yuko wapi?" Kijana mmoja akanijibu, "Mzee, vipimo vyake tunavyo." Vipimo! Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni wenu. Hapa kwenye karatasi yangu mimi ndiye mwenyeji, basi nitasema.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, tena Unguja, maana baba yangu alikuwa miongoni mwa Wakomoro waliokwenda kutafuta maisha huko. Ndiyo sababu naandika Kiswahili. Kikomoro ndicho cha nyumbani, nakizungumza na kukigombania, lakini kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili na haikufundishwa kingine. Kifaransa najua cha kutosha kukataa. Asiyependa mwandiko wangu aniletee kiatu chake kilichochanika, tuone nani msomi.

Kazi yangu ilikuwa viatu na magango ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Mnawajua. Ubongo umepata jeraha mtoto akiwa bado mdogo sana, au hajazaliwa, na miguu inapokea amri iliyopotoka. Msuli wa nyuma unavuta, kisigino kinapanda, mtoto anasimama kwa vidole kama anayechungulia dirisha la jirani. Enzi zetu watu walisema ni jini. Sikubishana nao. Nilisema, "Haya, jini. Lakini jini hili limekaa kisiginoni, na kisigino ni kazi yangu."

Nilipotoka Unguja, aliyenifundisha ngozi ni Fundi Mmadi wa mtaa wa Badjanani, mjini Moroni. Kibaraza chake kilikuwa karibu na Msikiti wa Ijumaa, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Alishona makubazi ya masharifu na ya mabwana harusi. Kusoma hakujua hata herufi moja. Ngozi aliisoma. Alikuwa anakufumba macho kwa kitambaa, anakutia kipande mkononi: "Mbuzi au ng'ombe? Mgongo au tumbo?" Ukikosea anakuchapa nacho. Mimi nimechapwa na wanyama wote wa halali.

Mmoja tu alinionyesha kwa macho, mchana, juani. Alikunja bitana ya kiatu cha Ulaya, ngozi laini ya rangi ya siagi, akaniambia, "Tazama vitundu vya manyoya. Vimekaa vitatu vitatu, kama mafiga jikoni. Ukiyaona mafiga hayo, weka chini, kanawe." Nguruwe. Viatu vingi vya kule vina bitana hiyo, na watu walikuja kwa Mmadi na viatu walivyoletewa na jamaa zao kutoka Ufaransa, wapate hukumu kabla hawajavitia miguuni. Bwana mmoja alikataa hukumu yake. "Fundi, hivi ni viatu vya duka kubwa!" Mmadi akamrudishia kwa ncha ya msharasi, chuma chake cha kutobolea ngozi. "Basi ni nguruwe wa duka kubwa."

Kisha mwaka wa sabini na nane wakaja mamluki, askari wa Kizungu wa kukodiwa. Sijui kama mnasimuliwa habari zao shuleni. Mimi nitasema ya miguuni tu, maana mwenye bunduki humtazami usoni, unatazama chini, na chini ndiko kwenye kazi yangu. Walivaa mabuti meusi marefu. Jiwe la Moroni ni la moto wa mlima, linakula soli kama panya anavyokula mkate. Basi haikuchukua muda mabuti yakaanza kuja Badjanani. Yakisikika yanaingia kichochoroni, hata wauza samaki walinyamaza.

Mmoja alikuwa mrefu, shingo nyekundu, na alijua Kiswahili. Kumbe alikipatia Kongo, Kiswahili cha kuamrisha watu. Akaketi, akaweka buti juu ya mapaja ya Mmadi.

"Mzee! Tengeneza. Mbio mbio!"

"Mbio mbio kakimbie wewe," Mmadi akasema. "Mimi nangoja gundi ikauke. Rudi kesho."

Yule mtu akamkodolea macho, kisha akacheka, akaondoka na mguu mmoja mtupu, anarukaruka juu ya mawe. Kesho yake akarudi, saa ile ile aliyoambiwa. Watu wakamsifu Mmadi kuwa hajui hofu. Si kweli. Mimi nilikuwa nimeketi chini, niliyaona magoti yake yakitetemeka kama ya mtoto wa homa. Aliogopa sawasawa na sisi sote, na gundi akaiacha ikauke. Mpaka leo sijaona fundi wa kumfikia.

Mabuti yaliyochoka kabisa walituachia. Shingo zake zilikuwa ngozi nene, nzima, na siku hizo ngozi nzuri ilikuwa adimu. Mimi nilisita kuzigusa, kwa vile nilivyowachukia wenyewe. Mmadi akanisukumia kisu. "Ng'ombe huyu hakumshikia mtu bunduki. Kata."

Sasa magango. Nilianzaje? Baba mmoja wa mtaa wa Magoudjou alikuja na mwanawe na buti la chuma aliloletewa kutoka nje: kiatu kirefu, na vyuma viwili vimepanda ubavuni mpaka chini ya goti. Lilikuwa limembana mtoto. Akataka jingine kama hilo, kubwa zaidi. Mmadi akasema macho yake yamezeeka, nifanye mimi. Nikalifumua lile la zamani uzi kwa uzi, nikaweka kila kipande mahali pake juu ya mkeka, nikajifunza. Chuma nikachonga kwa fundi wa magari. Lilipokwisha liling'aa. Baba akanibusu mkono. Mtoto akalivaa wiki mbili, analia wiki mbili.

Mimi nikasema mtoto mdekevu. Mmadi alichukua kisu chake, akamshika mtoto mguu, akatoboa tundu la duara nyuma ya buti langu jipya, pale kwenye kisigino. Nusura nimrukie.

"Chungulia," akasema.

Nikachungulia. Nje buti limekaa sawa kabisa chini. Ndani kisigino kinaning'inia, upana wa vidole viwili juu ya soli! Mtoto alikuwa bado anachuchumia, ila sasa anachuchumia ndani ya sanduku.

"Umemjengea nyumba nzuri," Mmadi akasema. "Mwenyewe hajaingia."

Tangu siku hiyo sikutengeneza buti bila tundu la nyuma. Na kumvisha mtoto kukawa kazi yenye adabu zake. Sikilizeni, hizi hazimo kwenye vipimo vyenu. Kunja goti kwanza, maana goti likinyooka msuli unavuta. Shika mguu kwa kiganja chenye joto, usubiri. Usivute ghafla. Ukivuta ghafla msuli unakasirika, na msuli uliokasirika una nguvu kuliko wewe na ndugu zako. Utausikia wenyewe ukilegea. Hapo ingiza, kisigino kwanza, funga ukanda wa juu ya kifundo, chungulia tundu, ndipo ufunge mwingine. Ukimvua, tazama ngozi yake. Wekundu unaoondoka upesi si neno. Wekundu ambao wali unapikwa na kuiva bado upo, hapo gango limekosa. Gango, si mtoto. Mimi nimesema "mtoto mdekevu" mara moja katika maisha yangu na bado naona haya.

Mama yangu alipougua nikavuka bahari kurudi kwetu Mutsamudu, nina gunia la shingo za mabuti. Bandarini askari akalimwaga. Likatoka gango moja dogo nililokuwa nimeanza, jeusi, la ngozi ya buti. Akaligeuza huku na huku.

"Hili la askari gani?"

"Wa miaka mitano," nikamwambia.

Wenzake wakaangua kicheko, akanisukumia gunia langu kwa mguu. Nikafungua kibaraza karibu na hospitali, na wauguzi wakaanza kunielekeza watoto.

Ndipo akaja Zaharia. Alikuwa mwanamke wa Patsy, huko juu ya mji, amejifunga shiromani, nguo ya wanawake wa kwetu, ana binti wa miaka saba mgongoni na mwingine tumboni. Jasho linamtiririka.

"Kwezi, fundi."

"Mbona," nikaitikia kama kwetu tunavyoamkiana, na mwanamke tunamwita bweni kwa heshima. "Mtue mtoto, bweni, utaanguka."

"Nikimtua, kumpandisha tena ni kazi. Mpime huku huku juu."

Nikampima mtoto akiwa mgongoni mwa mamaye, ndiyo kwanza na ndiyo mwisho. Jina lake Anziza. Miguu yote miwili ilikuwa inachuchumia, magoti yanagongana. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, ukuta ukiisha anaanguka. Akili kali, mdomo mkali zaidi. Nilipomgusa unyayo akaniambia, "Mkono wako unakwaruza kama ganda la fenesi."

Zaharia hakuja kuomba huruma. Alinieleza hesabu yake waziwazi. Mumewe ni baharia, hayupo. Kila asubuhi yeye humbeba Anziza mpaka chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mwisho wa kijiji. "Mimba ina miezi mitano. Ikifika minane sitaweza kumbeba. Asipokuwa anakwenda kwa miguu yake hapo, atabaki ndani. Na wewe unajua, fundi, kwetu mtoto kama huyu akishabaki ndani, watu wanazoea. Wakishazoea, imekwisha."

Nikajigamba. "Wiki tatu, bweni. Atatembea."

Na kweli, kwa wiki tatu nikamtengenezea mabuti mawili ya chuma, yenye matundu yake nyuma, na akatembea. Alikuwa ana fimbo mkononi, mamaye yuko nyuma yake, na hatua zake alizihesabu kwa herufi: alifu, be, te, the, jimu... Wiki ya kwanza alianguka kwenye jimu. Ya pili akafika dali. Njia nzima ya Patsy ilitoka kutazama. Nilitembea nyuma yao, kifua mbele, kama mimi ndiye niliyemzaa.

Wiki ya tatu tukafika mlangoni kwa mwalimu. Viatu thelathini vimepangwa nje. Ndani mikeka.

Mnaelewa? Mimi sikuwa nimeelewa. Mimi, Mwislamu mwana wa Mwislamu, ninayevua viatu mara kumi kwa siku, nilikuwa nimeshona chuma cha kumshika mtoto mguu ndani ya kitu kinachoachwa mlangoni. Zaharia akamvua. Vyuma vikabaki nje pamoja na buti, na Anziza akaingia kwa kutambaa, kama siku zote. Mtoto mmoja wa kiume ndani akapiga kelele, "Mamluki kavua buti, kawa kaa!" Chuo kizima kikacheka. Siku mbili zilizofuata Anziza alikataa kutoka kitandani.

Nilikwenda kwa mwalimu nimefura. Alikuwa mzee mpole. Nikamwambia amruhusu mtoto aingie na mabuti yake.

"Fundi," akasema, "hapa njiani wanapita mbuzi na ng'ombe. Uchafu wao anauleta juu ya mkeka tunaofungulia Kitabu? Mimi simkatai mtoto. Nimkatae kwa nini, herufi zake ni safi kuliko za wote. Nakataa njia iliyo chini ya soli."

Nilirudi kwa Zaharia nikamtukana mwalimu. Yeye alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Fundi, chuma kile kinashika nini? Kiatu au mguu?"

"Mguu."

"Basi kwa nini umekishona kwenye kiatu?"

Nilishona hivyo kwa sababu lile nililolifumua Moroni lilishonwa hivyo, na lilishonwa na watu wanaoingia majumbani mwao na viatu. Kwao halina kosa. Mimi nilinakili mguu wa watu pamoja na mlango wao. Na aliyeona ni mwanamke mwenye kisu cha ndizi, ambaye hajapata kushika msharasi. Mkisikia watu wa hapa wanasema fundi fulani alivumbua gango la ndani, fulani ni mimi, na si kweli. Ni yeye. Mwandike hivyo.

Basi tukaanza upya. Nikaomba plasta hospitalini, nikamfunga Anziza miguu goti likiwa limekunjwa, kifundo kimekaa pembe ya mraba, plasta ikakauka nikaikata, nikaijaza plasta nyingine, nikapata kalibu ya mguu wake wenyewe. Juu ya kalibu nikatengeneza kitu kama soksi ngumu: kinapanda nyuma ya shavu la mguu, kinapita chini ya unyayo, kinaishia kabla ya vidole. Kamba mbele. Juu yake ndara pana ya njiani. Mlangoni anavua ndara, gango linabaki. Nje nikaweka ngozi ya mabuti, ndani nikatafuta kitu laini kisimchubue. Katika gunia mlikuwa na bitana, laini, rangi ya siagi, nilizofumua kwenye mabuti ya mkubwa mmoja wa mamluki. Nikazitia. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na majivuno, na siku ile kulikuwa na mawingu.

Anziza akayavaa nyumbani siku tano ayazoee. Siku ya sita nikapanda Patsy kupunguza ukingo uliokuwa unamgusa chini ya goti. Nikaketi uani, nikaligeuza gango juani ili nione wapi pa kukata.

Vitundu vitatu vitatu. Mafiga.

Nitawaambia ukweli, maana mkisimuliwa uongo na wazee mtaona sisi wote tulikuwa mawalii. Nilifikiria kunyamaza. Hakuna mtu Patsy aliyejua kusoma ngozi. Mmadi yuko Moroni, ng'ambo ya bahari. Tumbo la Zaharia lilikuwa limeshafika miezi saba, na mtoto anatembea vizuri. Nilifikiria kwa muda wa kuvuta pumzi tatu hivi. Kisha nikamwona Anziza amelala kifudifudi juu ya msala wa mamaye, anacheza na nyuzi zake, na gango la pili liko mguuni.

"Bweni," nikasema, "nimekosa. Bitana hii ni ya nguruwe."

Sijawahi kusema neno zito kama hilo, na nimewahi kutoa talaka. Zaharia hakupiga kelele. Akamvua mtoto lile gango kwa jani la mgomba, akaleta maji, akamwosha mguu mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Akamwosha na wa pili. Akatoa msala, akauosha. Kisha akanisukumia ndoo.

"Nawe nawa. Usinitazame, nawa."

Nikanawa.

"Umekwisha kuona haya?"

"Bado."

"Utaendelea usiku ukiwa kwako. Sasa niambie, ngozi nyingine unayo?"

"Laini sina. Na zile za nje zimelowana jasho moja na hizi, sizirudishi mguuni mwake."

Akafikiri. Uani, chini ya ukuta, palikuwa na beberu mweupe amefungwa. "Yule je?"

"Bweni, yule si wa akika ya mtoto huyu anayekuja?"

"Ndiye."

"Sasa?"

"Mtoto akizaliwa atamkuta dada yake anatembea. Akitaka mbuzi, atuambie."

Jioni ile ile jirani akachinja, nyama ikagawiwa majumbani, ngozi nikapewa mimi. Kuilainisha kwa magome ya mikoko ingechukua wiki nyingi, na wiki hatukuwa nazo. Lakini mmeona ngozi ya ngoma? Hailainishwi. Inavutwa mbichi, inakauka, inakuwa ngumu kama ubao. Nikasema, kama inavumilia kupigwa na wale wapiga ngoma wa Mutsamudu, itamvumilia Anziza.

Nikaikwangua manyoya kwa kigae, nikailoweka, nikaivuta juu ya kalibu mikunjo mitatu, nikaibana kwa kamba kuanzia kifundoni kwenda juu na kwenda chini. La kwanza nikalianika juani kwa pupa, likajipinda kama jani la tumbaku. Nikadhani nimeua na mbuzi bure. Lakini ngozi mbichi ina hisani moja: ukiilowesha upya inasahau. Nikalilowesha, nikalirudia, safari hii kivulini penye upepo, siku nne bila kuligusa. Likatoka jeupe, linapitisha mwanga, limeshika hata alama ya kifundo chake. La pili nalo vivyo hivyo. Chuma halikuhitaji. Ndani Zaharia alinipa shiromani yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto, nikaitia kwa mshono usiogusa mguu. Nje nikapaka nta ya nyuki, maana ngozi mbichi inaogopa maji. Mvua ikinyesha, aketi nyumbani. Niliwaambia hivyo wazi.

Anziza alilinusa. "Linanuka mbuzi."

"Hata wewe unanuka mbuzi. Unakaa Patsy."

Akacheka mpaka akashindwa kunyoosha mguu, na msuli ukalegea wenyewe. Hilo nalo liandikeni: mtoto anayecheka huvalishwa upesi kuliko mtoto anayeshikwa na watu wawili.

Siku alipokwenda, Zaharia alikuwa ameshaingia mwezi wa nane. Hakuweza kumbeba hata angetaka. Walishuka njia pole pole, mtoto mbele na fimbo yake, mama nyuma ameshika kiuno, mimi nyuma ya mama, na safari hii kifua changu nilikiacha mahali pake. Mlangoni Anziza akashika nguzo, akavua ndara moja, akavua ya pili, akazipanga na za wenzake. Ndani wote wanatazama miguu yake myeupe.

Mwalimu akainama. "Hii imekanyaga nje?"

Mimi nilitaka kujibu. Anziza akanitangulia.

"Haijakanyaga, mwalimu. Ni mbuzi wetu."

"Alichinjwa?"

"Na wewe ulikula. Tulikuletea paja."

Hata mwalimu alicheka. Akajitoa mlangoni. Fimbo ilikuwa ya njiani, ikabaki nje, na mbele ya Anziza palikuwa na mkeka mtupu usio na ukuta wa kushika. Zaharia akageuka, akauelekea ukuta wa nje, hakuweza kutazama. Mimi niliona. Hatua nne alikwenda sawa. Ya tano akayumba, mkono ukatafuta kitu hewani, ukakipata: kichwa cha yule mtoto aliyemwita kaa. Akakikandamiza kama mtu anayeshika nguzo ya ngazi, akajisawazisha, akapita. Yule mtoto hakuthubutu kutikisika. Anziza akafika mahali pake, akajishusha mwenyewe.

"Amefika?" Zaharia akaniuliza, uso bado ukutani.

"Amekaa."

"Nani kamkalisha?"

"Hakuna mtu."

Tukaketi pale nje juu ya jiwe mpaka watoto walipomaliza.

Msidhani miguu ilipona. Gango haliponyi ubongo, na mtu akiwaambia linaponya, mfukuzeni. Kila mguu ulipokua nilitengeneza jingine, na Anziza alianguka mara nyingi njiani pale, na kila mara alikuwa na la kumwambia aliyemcheka. Lakini siku ile watoto walipomwagika nje, yeye alitoka wa mwisho, akaketi kizingitini, akavaa ndara zake polepole, akachukua fimbo. Zaharia kwa mazoea ya miaka saba alikuwa ameshainama mbele yake, na tumbo lake lote lile, mikono imerudi nyuma kumpokea.

Anziza akampitia ubavuni, akashika njia. Nikamsaidia mama kuinuka. Akaanza kupanda, hatua moja, anapumua, hatua nyingine, mkono kiunoni. Na huko mbele, kwenye kona, mtoto akageuka, akaona mamaye yuko mbali, akasimama juu ya visigino vyake kumngoja.